Ukuta wa Mabomba

Mchoraji wa ramani za majengo katika ofisi yetu ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Mimi ni dereva hapo. Wenzetu wanamwita Mama Plasta, kwa sababu akichora ukuta kwenye kompyuta haridhiki na ukuta. Anaweka tofali, plasta pande zote mbili, rangi, vigae, mpaka kile kibao cha chini kinachozuia ufagio usichafue rangi. Kwa nyumba ndogo kompyuta ilivumilia. Kwa wodi ya wazazi ikashindwa.

Siku ile michoro ilitakiwa ifike dirisha la vibali vya ujenzi kabla halijafungwa jioni. Mwenye jengo alishasema tukichelewa tena anampa kazi mwingine. Niliegesha gari mlangoni, nikaingia na funguo mkononi, nikamkuta bosi amesimama nyuma ya kiti cha shemeji. Kompyuta ilikuwa imeganda.

"Futa hayo mapambo," bosi akasema. "Anayetoa kibali haulizi rangi. Na kazi hii ikiondoka, na wewe sina pa kukuweka."

Shemeji aliwasha kompyuta upya, akachagua kuta zote kwa pamoja, akazigeuza kuwa za aina moja, nyembamba, zisizo na kitu ndani. Kompyuta ikapata pumzi. Printa ikaanza kutema karatasi, nami nikaanza kuziviringisha.

"Shemeji, ziache," akasema.

"Muda, shemeji."

"Ziache kwanza."

Alikuwa ameinamia karatasi, kidole chake kwenye ukuta ulio kati ya korido na chumba cha kujifungulia. Ndani ya ukuta huo ndimo mabomba ya maji yanamopita, kwa hiyo tangu mwanzo aliuchora mnene. Sasa ulikuwa mwembamba kama mwingine wowote.

"Bosi, huu nao umekonda. Mabomba hayatoshi humu."

"Mafundi watajua wenyewe wakifika."

"Watauongeza kwa upande wa korido. Kitanda chenye mama mwenye uchungu kitakwama hapo."

"Kwenye karatasi kinapita."

"Kwenye karatasi hakuna anayejifungua, bosi."

Nikatazama viatu vyangu. Mimi mbele ya bosi hata kukohoa naona haya. Bosi akasema polepole, "Ukiigusa kompyuta ikaganda tena, hatuna kitu."

"Sirudishi vigae. Narudisha unene tu."

Akaupa ukuta ule upana wake wote kama kipande kimoja, bila plasta wala rangi ndani yake. Tofali, plasta na vigae akavionyesha mara moja tu, kwenye mchoro mdogo pembeni ya karatasi. Kialama cha kusubiri kikazunguka kwenye kioo, kikazunguka. Bosi alishika mgongo wa kiti kama mtu anayezuia gari lisiserereke. Kikaacha. Printa ikaamka.

Njia niliyopita siikumbuki vizuri. Karani wa vibali alikuwa ameshashika pazia la dirisha. Akalitazama jasho langu, akaliachia pazia, akapokea michoro na kugonga muhuri.

Nikampigia shemeji simu. "Wamepokea, shemeji."

"Karatasi hazikujikunja?"

"Hazikujikunja."

Akashusha pumzi ndefu. "Basi wacha nirudishe kile kibao cha chini. Hicho tu."

Nyuma yake nikamsikia bosi: "Toka kwenye hiyo kompyuta."