Waya, Pamba na Kifua cha Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi saa, na sigara alianza kuvuta kabla hajanioa. Kibarazani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, aliweka meza ndogo yenye kioo, akakaa hapo kutwa na lenzi yake jichoni, sigara ikijiunguza yenyewe pembeni. Nikimwambia moshi unaniumiza kichwa, alihamia upande wa pili wa baraza bila kubishana. Hakuwa mtu wa kubishana. Simu zilipoenea watu wakaacha kuvaa saa, akabaki kubadilisha betri na kukata mikanda, na kadiri kazi zilivyopungua ndivyo sigara zilivyoongezeka.

Kikohozi kilimwanza taratibu, mwanzo asubuhi tu, baadaye hata akicheka. Daktari akampiga picha ya kifua, akamwambia mapafu yamechoka, sigara aache.

Alijaribu. Alitafuna karafuu, akatafuna ubani, akawa mkali kwa wateja, chakula hakimpiti. Siku moja nikamkuta nyuma ya choo cha uani anavuta amejibanza ukutani. Aliponiona aliizima kwa kisigino, na machozi yakamtoka. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku tuliyomzika mama yake.

Mimi ndiye niliyempigia simu shemeji yangu, mdogo wake anayeishi Maskati, nikamweleza. Akasema huko wapo wazee walioacha sigara kwa kuvuta hizi za betri. Kesho yake akapiga kwa video akiwa dukani, sisi tumekaa kitandani tumeishika simu pamoja.

"Kaka, tazama hii. Maji yake yakiisha unatupa, unanunua nyingine."

"Siitaki. Kitu kikiharibika nisiweze kukifungua?"

"Basi hii hapa, ina tangi lake. Unajaza maji, na koili zake, ule waya unaochemsha maji, zinauzwa tayari."

"Hizo koili Tanga nitazipata wapi? Zikiisha ndiyo nirudi kwenye sigara?"

Shemeji akaonyesha kidude cha chuma, kikubwa kidogo kuliko kastabini. "Hiki ni kichwa tu, kinakaa juu ya betri. Hakina tangi. Waya unaukunja mwenyewe, pamba unaitia mwenyewe, maji unayadondosha tone tone ukiwa unavuta. Kina kazi, kaka. Vijana wengi kinawashinda."

"Kifungue nikione."

Mume wangu aliisogeza simu mpaka ikakaribia kumgusa pua. Ndani mlikuwa na nguzo mbili fupi zenye matundu, na skrubu za kubania waya. Akauliza matundu ya hewa yako wapi. Shemeji akasema vipo vya aina mbili, vyenye tundu ubavuni na vyenye tundu juu.

"Niletee chenye tundu juu. Cha ubavuni nikizidisha maji kitanivujia mfukoni. Na kiwe cha waya mmoja, cha waya mbili kitakula betri bure."

Nikacheka, maana alikuwa akichagua kama mtu anayechagua saa ya mteja mkubwa. Naye akanitazama, akacheka, akakohoa.

Mzigo ulikuja na mtu aliyekuwa akirudi nyumbani kwa likizo: betri, kichwa, waya, pamba na chupa za maji ya kuvuta. Mume wangu alivipanga mezani, akakata waya, akaanza kuuzungushia kwenye msumari mwembamba. Hapo ndipo nilipoiona mikono yake. Ilitetemeka. Alikuwa akinificha, na wateja nao alikuwa akiwaficha, kumbe vijana waliokuja na saa ndogo aliwarudisha akisema vifaa havipatikani. Alipoupenyeza waya kwenye tundu la nguzo ulimponyoka. Akarudia, ukamponyoka tena, akaviweka vyote chini na kutazama barabarani.

Mimi nashona kofia za mkono. Vidole vyangu vimezoea matundu madogo kuliko yale. Nikamwambia, "Nielekeze tu, bwana, nitaukunja mimi."

Basi ikawa hivyo. Nilizungusha waya mara sita, nikazikaza skrubu, naye akabonyeza kitufe tutazame unavyowaka. Uking'aa pembeni kabla ya katikati, aliniambia niubane kwa koleo uwe sawa. Halafu pamba. Kwanza niliijaza sana, maji hayakupenya, akavuta pamba kavu na koo likamwungua. Mara ya pili nikaitia kidogo mno, ikaungua. Tukajifunza kwamba pamba ipite ndani ya waya kwa kukwaruza kidogo, isivute waya, isicheze, na ncha zake zilale chini zikinywa maji. Matone manne, anavuta mara tatu, matone mengine. Kila alasiri, baada ya sala, nilikuwa nakaa karibu yake barazani na kichupa mkononi, nadondosha. Katika ndoa yetu yote hatukuwahi kukaa pamoja namna ile. Watoto wamekwenda na maisha yao, nyumba imenyamaza, na sisi tuna kazi ya watu wawili.

Sigara aliacha kabisa. Kikohozi kikapungua, akala, akaenda msikitini kwa miguu. Nikaamini amepona. Aliniambia tukijaliwa mwakani tutakwenda Amani, akaone ule msitu ambao tangu ujana alisikia habari zake tu.

Kisha pumzi ikaanza kumpungua, kwanza akipanda ngazi, baadaye akifunga viatu. Daktari akatazama picha mpya, akauliza anavuta nini. Nikamtolea. Akakigeuza kile kichwa mkononi, akasema kwa upole, "Mama, kwa mapafu haya, hata hiki hapana."

Mume wangu hakubisha. Alifika nyumbani akanyofoa pamba, akakifuta kile kichwa vizuri, akakiweka kabatini. Alasiri nilitoka barazani kama kawaida, nikakaa, sina la kufanya kwa mikono. Nilileta kofia nishone, lakini kofia ni kazi ya mtu mmoja. Siku zikaenda hivyo, tumekaa ubavu kwa ubavu. Nilikuwa nasikiliza pumzi yake, naye alijua nasikiliza, na alikuwa akijitahidi nisiisikie.

Alifariki asubuhi, nimetoka kumchemshia uji. Tulimzika kwao Tongoni.

Shemeji hakuwahi maziko. Alifika mimi niko edani, siku za mjane kukaa ndani, akakaa ukumbini, mimi nikiwa chumbani na pazia limeshuka kati yetu. Tulisalimiana, akaniombea subira, kisha akaniita.

"Shemeji."

"Naam."

"Nataka uniambie kweli. Kile nilichomletea ndicho kilichomuua?"

Nilikuwa nimejiuliza hivyohivyo kila siku tangu tutoke Tongoni, maana yeye alileta, lakini pamba nilitia mimi.

"Sijui, shemeji," nikamwambia. "Daktari alisema mapafu yalikuwa yamekwisha zamani. Lakini wallahi sijui. Ninachokijua ni kwamba alikaa miezi mingi hakugusa sigara, na alikuwa akiniambia, mdogo wangu amenikumbuka."

Nikamsikia analia. Kuna kilio cha mwanamume mtu mzima ambacho hakina sauti, ila kiti kinatikisika. Nilitaka kutoka nimshike bega, kama ningemshika mdogo wangu wa kuzaliwa. Sheria ya dini haikuniruhusu. Nikalia na mimi upande wangu.

Alirudi Maskati baada ya khitma ya kumwombea kaka yake. Siku hizi hunipigia Ijumaa baada ya sala, ananiuliza hali, namuuliza habari za watoto. Swali lile hatujalirudia, na nadhani kila mmoja anamwogopea mwenzake.