Meno Yaliyokataa Kubanduka

Taa yetu ilitoa mwanga wa buluu ambao daktari alinikataza kuutazama. Nikautazama siku ya kwanza tu, na mchana kutwa nikaona doa la manjano kila nilipotupa jicho. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa msaidizi katika kliniki ndogo ya meno mjini Kitale, na kazi yangu kubwa ilikuwa kushika taa hiyo na kuhesabu.

Dawa tuliyobandikia meno ilikuwa uji mzito wa plastiki uliochanganywa na chenga za kioo, kubwa kwa ndogo, ili uhimili kutafuna. Bila mwanga ulibaki uji. Ukimulikwa sekunde ishirini uligeuka jiwe. Ukiiba sekunde, juu panakauka na chini panabaki pabichi, kama andazi la mtu mwenye haraka.

Kengele ya taa ilikuwa imekufa, kwa hiyo nilihesabu kwa mdomo. Sasa, mimi nilizaliwa Saboti katika familia iliyotoka Mkoa wa Kati, na nyanya yangu alinifunza kutoitaja saba, namba ya mikosi. Niliiruka. Kisha, kwa kuogopa kwamba nimempunja mgonjwa, nilirudia hesabu yote tangu mwanzo. Daktari alinitania sana, lakini nilichomulika mimi hakikubanduka.

Asubuhi moja aliingia bibi kizee kutoka Kabuchai. Nilimwita kukhu, kama wenyewe wa Bungoma wanavyomwita nyanya. Alikuwa na pengo mbele, chini, penye yale meno mawili ambayo vijana wa zamani waling'olewa kufuata mila.

"Mtoto wangu, nataka mfunge hii pengo."

"Kukhu, si hiyo ni ya heshima? Umekaa nayo miaka yote."

"Mzee yangu arikufa mwaka jana. Saa hii anakuja kwa mlango kila asubuhi nikikamua ng'ombe, ananiita twende. Watu wetu wanajuana na hii pengo, hata wale walikufa. Mkifunga, atapita."

Nilicheka. Nasema kweli, nilicheka, na hadi leo naona aibu. Daktari hakucheka. Aliagiza meno mawili ya bandia. Siku ya kuyabandika alipaka asidi kwenye meno ya jirani hadi yakapauka kama chaki, akapaka gundi, akaweka ule uji, nami nikamulika. Nilihesabu mara mbili kila upande. Mdomo wa kukhu ulikuwa wa buluu mtupu, na macho yake yalikuwa mlangoni. Nilisikia viatu vikikwaruza kizingiti. Nilipogeuka, hapakuwa na mtu.

Alirudi baada ya mwezi, amekonda.

"Toeni."

"Yanauma?" daktari akauliza.

"Arinipita, kama nilivyotaka. Arisimama kwa mlango, akaangalia mdomo yangu, akasema, samahani mama, nilidhani ni kwangu. Sasa anaenda kwa binti yangu huko Bungoma. Huyo ana sura yangu kabisa, na ariangukia jembe akiwa mdogo, akavunjika meno hapa hapa. Wiki ya pili haamki kitandani. Hospitali hawaoni ugonjwa. Toeni, anione mimi."

Daktari alidhani atayang'oa kwa koleo mara moja, maana kazi za namna ile huachia zikisukumwa kidogo tu. Yalikataa. Alijaribu tena, kukhu akang'ang'ania mikono ya kiti. Mwishowe aliwasha mashine akaanza kusaga, vumbi jeupe likimwagika kidevuni mwa mama wa watu. Dawa ilikuwa imeiva hadi ndani na kushikana na meno yake yenyewe. Daktari hakunilaumu, ila nilijua ni zile hesabu zangu za woga. Niliichukia mikono yangu.

"Harakisha, daktari," kukhu alisema. "Ameshafika kwa binti yangu."

Kipande cha mwisho kilipotoka alisukutua, akapitisha ulimi penye pengo, kisha akautazama mlango mtupu. Alisema kwa upole, kama mke anayemkaribisha mumewe chai, "Baba watoto, niko hapa."

Wiki mbili baadaye aliingia mwanamke wa makamo mwenye sura ya kukhu, pengo na yote. Alikuwa mzima wa afya, amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Alisema aliamka kitandani siku ile ile tuliyoyatoa meno, na kwamba mama yake walimzika Jumamosi. Nikaanza kumwomba msamaha, machozi yakanitangulia. Alinishika mkono.

"Usirie. Mama arinituma kwenu kabla hajaenda," alisema. "Ati niwaambie mlibandika vizuri."