Walilewa kwa Bia Isiyolewesha

Jamani, nimewahi kushuhudia wanaume wawili wazima, wenye ndevu na familia zao, wakilewa chakari kwa bia ambayo isingemlewesha hata kuku.

Bia yenyewe niliipika mimi, jikoni kwangu, kwenye sufuria ya kuchemshia maji ya kuoga.

Tulieni niwape mkasa.

Mume wangu na kaka yake walikuwa hawasalimiani tangu msiba wa baba yao. Kaka alichelewa njiani, mume wangu akaamua mzee azikwe. Kaka anafika, anakuta watu wanajikung'uta udongo mikononi. Akasema neno moja tu:

"Aliyemzika baba, amtunze na mama."

Akaondoka. Ndiyo mama mkwe akabaki kwetu, sebuleni, na rimoti mkononi.

Sasa mimi kazi yangu ni kuoka mikate. Hamira naijua kama ninavyowajua wanangu. Nikajiambia, hawa ndugu wakikutana wakavu hawatasema kitu, ngoja niwalainishe. Nikatafuta kimea cha shayiri, kingine kimekaangwa hadi kikawa chekundu, na yale maua machungu ya hopsi. Nikamtumia shemeji ujumbe: "Nimepika bia nyekundu, karibu Jumamosi uonje."

Akajibu hapo hapo. Ugomvi una mipaka yake bwana.

Kosa lilitokea wakati wa kupika. Kimea hulowekwa kwenye maji ya moto, ila yasiwe ya moto kupita kiasi. Yakizidi, hutoka sukari ambayo hamira haiwezi kuila. Na hamira isipokula, ulevi hakuna. Nimeshika kipimajoto changu, macho kwenye sufuria, mara nasikia:

"Mkwe! Miwani yangu iko wapi?"

Ilikuwa kichwani kwake.

Kurudi jikoni, moto umeshapanda. Nikaendelea hivyo hivyo, kimea chenyewe nilikipata kwa shida. Bia ilipomaliza kuchacha nikaipima kwa kipimo cha ulevi. Nguvu yake ilikuwa sawa na juisi iliyosahaulika mezani.

Lakini ladha, nyie! Utamu wa mbali, uchungu kidogo mwishoni, harufu ya mkate ulioiva vizuri, na rangi yake unaweza kuitazama tu ukaridhika. Nikafyata ulimi.

Jumamosi shemeji akaja. Wakakaa kama watu wanaosubiri kung'olewa meno.

Glasi ya kwanza, kila mtu anatazama povu lake. Ya pili, shemeji akalegeza mkanda.

"Shemeji, hii kitu ni kali!"

"Nenda nayo taratibu, inapanda polepole hiyo," nikamjibu, uso mkavu.

Ya tatu, mume wangu ulimi ukawa mzito. Naapa. Mtu mzima anavuta maneno kwa kinywaji nilichokijua mwenyewe.

"Kaka... nilipaswa kukusubiri."

"Siku ile ulinizika na mimi, mdogo wangu."

Wakakumbatiana. Wakalia mpaka makamasi. Shemeji akasimama huku anayumba, akajipiga kifua: "Mama anahamia kwangu! Si mimi ndiye mkubwa?"

Na mimi nikaona hii ndiyo fursa yangu. Nikapiga glasi yangu moja, nikajiyumbisha kidogo, nikamgeukia mama mkwe, nikatoa dukuduku la siku nyingi.

"Mama, wewe hapa si mgeni tena. Ni mpangaji."

Asubuhi nikawahi kumpigia magoti. "Mama nisamehe, ni pombe ile."

"Usijali mwanangu, najua ni pombe."

Nikashusha pumzi. Nimepona.

Mara shemeji naye akaamka. Anavaa viatu bila kumtazama mtu.

"Bwana mdogo, ya jana yaache. Tulikuwa tumelewa."

Mume wangu akakunja uso. "Hata mimi sikumbuki kitu."

Nikamtazama mama. Alikuwa ameshafunga mkoba wake, yuko tayari kwa safari. Aliposikia yale, akaufungua, akaanza kutoa nguo moja moja.

Iliniuma. Tena iliniuma vibaya, kwa sababu nilijua nikifungua mdomo najichongea mwenyewe.

Nikaufungua.

"Hamkulewa."

Wakanikodolea macho. Nikaleta kile kipimo cha ulevi, nikawamiminia glasi, nikawaonyesha. "Hii bia haina nguvu. Mngekunywa pipa zima, mngeishia kushinda chooni tu."

"Kwa hiyo jana nililia..." shemeji akaanza.

"Ulilia na akili zako timamu, shemeji."

Akakaa chini, kiatu kimoja mkononi. Mume wangu akaenda kukaa karibu naye. Kisha akasema, safari hii bila glasi wala kuvuta maneno:

"Kaka, nilipaswa kukusubiri."

Shemeji akajifuta macho. "Mama, funga mkoba. Twende nyumbani."

Nikaanza kutabasamu. Nimepatanisha ndugu, nimepata na sebule yangu. Nani kama mimi?

"Mkwe wangu," mama akaniita.

"Abee, mama."

"Na wewe jana ulikuwa unajua kwamba haileweshi?"

Tabasamu likaganda. "Nilijua, mama."

Akatikisa kichwa polepole. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mpangaji huwa na chumba, mwanangu. Mimi nilikuwa nalala kwenye kochi."

Akaaga, akatoka na mwanawe. Mume wangu akawasindikiza. Mimi nikabaki nimesimama, sina hata pa kuuweka uso wangu.

Wakuu, somo langu ni fupi. Ukitaka kusingizia pombe, hakikisha aliyeipika hayupo karibu. Na kama aliyeipika ni wewe, basi yale uliyosema ni yako. Nenda kaombe msamaha upya, na safari hii usitaje pombe.

Mimi nimeenda mara mbili. Ananikaribisha vizuri sana, ananipa na kiti, ananiita mgeni.