Kivuva Arudia Kemia

Kivuva Musau alijiita injinia kwa miaka kumi na minne kabla ya mtu yeyote kumwuliza swali. Alitengeneza pampu za maji katika magorofa ya Umoja, na kadi zake ziliandikwa "Inj. Kivuva" kwa wino wa dhahabu. Maji yalipanda, wapangaji wakaoga, nani angejali? Kisha akapeleka kadi kwa kamati ya ploti moja mpya. Katibu, mama aitwaye Khalayi, akaigeuza nyuma na mbele, akauliza kwa upole, "Injinia, umesajiliwa na bodi gani?"

Kivuva alikohoa. Akasema faili iko nyumbani.

Kilichokuwa nyumbani ni cheti cha kidato cha nne chenye D ya kemia. Alikitazama, akakirudisha kabatini, akamwambia mkewe Wanza kwamba atarudia mtihani ili akasomee uhandisi wa kweli. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

"Baba Nthenya," Wanza akasema, "si uchapishe tu kadi zingine?"

Alijisajili. Mwalimu wake akawa binti yao Nthenya, aliyekuwa amemaliza sekondari karibuni na hakuwa na huruma hata kidogo.

"Baba, mlinganyo hujausawazisha. Rudia."

"Nimechoka, mama."

"Hata mimi nilichoka uliponifundisha baiskeli. Rudia."

Siku ya karatasi ya kwanza alivaa koti la kanisani. Alipoingia chumbani, watahiniwa wote walisimama. "Habari ya asubuhi, mwalimu!" Kivuva hakutaka kuwaaibisha. Akawaambia waketi, kisha akaenda taratibu kutafuta dawati lake. Msimamizi aligonga meza mara tatu ndipo kicheko kikaisha.

Matokeo yalipotoka, Nthenya aliyasoma kwenye simu. "Fizikia A. Hesabu B. Kemia B!" Wanza akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. "Kiswahili D," Nthenya akamalizia.

Huyu ndiye mzee ambaye hawezi kuomba chumvi bila kutaja wahenga.

"Msahihishaji hakunielewa," Kivuva akasema.

Aliomba uhandisi wa umeme, wa mitambo, na wa ujenzi. Pointi hazikutosha. Akapata chaguo la nne, alilojaza ili tu fomu isibaki na pengo: uhandisi wa kilimo, katika chuo kikuu cha mbali. Alinuna siku mbili.

"Mimi na jembe wapi na wapi?"

"Ni uhandisi au si uhandisi?" Wanza akauliza.

"Ni uhandisi."

"Basi panga nguo."

Sasa yuko mwaka wa pili. Wanafunzi wenzake walimchagua kiongozi wa darasa, kwa kuwa wahadhiri huona haya kumfokea mtu aliyewazidi umri. Kinachomtesa siku hizi ni kalkulasi. Jumapili iliyopita alimpigia Nthenya, anayesomea uuguzi, akamsomea swali zima polepole.

Nthenya alisikiliza hadi mwisho. "Baba," akasema, "hapo sasa uko peke yako."