Nyasi za Baba kwenye Kibanda cha Mbwa

Baba yangu aliamini kwamba Kigali hakuna kupe. Kupe, kwake, walikuwa wa Karagwe, Tanzania, alikotulea, ambako aliwaswaga ng'ombe hadi kwenye josho na kurudi ananuka dawa mpaka mama anamfukuza mezani. Mji huu unafagiliwa kila kukicha, ng'ombe hawapiti barabarani. Kupe watoke wapi?

Tuliporudi Rwanda aliendelea kufuga kule mashariki. Mama alipofariki nikamng'oa kwa ng'ombe wake, nikamleta kwangu Kagarama, hapa Kigali. Nilimpa chumba chenye dirisha kubwa, ua wa saruji, na kutwa nzima ya kukaa bila kazi. Nilijiona mtoto mwema. Mimi nashinda ofisini Kacyiru, kwa hiyo nyumbani alibaki yeye na mbwa niliyemfuga kwa ajili ya wezi.

Mwanzoni hawakupatana. "Mnyama asiyekamuliwa mnamlisha wa nini?" aliniuliza. Kwa wiki kadhaa alimpita kama jirani aliyegombana naye.

Sijui walipatana lini. Jioni moja nilirudi nikakuta kibanda cha mbwa kimetandikwa nyasi mbichi, laini, zimelazwa upande mmoja kwa ustadi. Kwetu, mgeni wa heshima akija, humtandikia sakafuni nyasi tunazoziita ishinge, na ng'ombe aliyezaa hutandikiwa vivyo hivyo. Baba alikuwa amepata wa kumtandikia. Tangu hapo kila asubuhi alichukua mundu wake, akateremka bondeni chini ya mtaa wetu, akarudi na nyasi kwapani, anapiga mluzi. Sikuwa nimemsikia akipiga mluzi tangu msiba.

"Baba, huyo mbwa sasa atataka na mtindi," nikamtania.

"Anapata," akanijibu, wala hakucheka.

Halafu mbwa akaacha kula. Siku ya kwanza nikasema ni joto. Siku ya pili nikamgombeza baba kwamba mtindi umemharibia tumbo, naye akanigombeza kwamba wali wa mabaki si chakula cha kiumbe. Tulizozana hivyo huku mbwa kalala, pua imekauka. Mwili wake ulikuwa unachoma. Nilipoinua mdomo wake nikaona ufizi umepauka kama karatasi. Alipokwenda kukojoa ukutani alijikokota, na mkojo ulikuwa na rangi ya kahawa.

Niliogopa. Niseme kweli, sikumwogopea mbwa kwanza. Nilimwogopea baba. Yule mbwa akifa, huyu mzee ataamka asubuhi kumfanyia nani nini?

Hakuna dereva wa moto, hizi pikipiki za abiria, anayekubali kubeba mbwa, na majirani wengine hawataki hata kumsogelea. Wana sababu zao za tangu siku za mauaji, na mimi siziulizi. Nikampigia simu daktari wa mifugo, akaja mwenyewe na mkoba wake. Alikuwa dada kijana, mpole, asiye na haraka. Alichota tone la damu sikioni. Kisha akaanza kupapasa: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Akaniita nione. Ndani ya sikio, kwenye mkunjo ambao sijawahi kuufunua, kupe walikuwa wamejipanga kama mbegu za mtama.

"Iko na homa ya kupe," akasema. "Kupe inamwachia mdudu kwa damu, ile mdudu inakula damu yote. Damu iko kidogo sana. Nampiga sindano sasa hivi, tuone kama atavuka." Akatazama kibandani. "Iyi nyasi iko inatoka wapi?"

Geti likalia. Baba aliingia na nyasi za siku hiyo kwapani, mundu mkononi, mluzi mdomoni.

"Muzehe," daktari akamuuliza kwa heshima, akiinuka, "nyasi unakata wapi?"

"Kule bondeni. Penye njia ya mbuzi na imbwa za mitaani. Ndiyo laini..."

Hakumaliza. Mtu aliyeishi na josho maisha yake yote hahitaji kuelezwa. Nilimwona akiangalia sikio la mbwa, akiangalia kibanda, kisha akiangalia kile alichokumbatia. Methali ilinijia mdomoni, kikulacho ki nguoni mwako, nikaimeza. Namshukuru Mungu niliimeza. Baba aligeuka taratibu, akazitoa zile nyasi nje ya geti, akarudi akanawa mikono bombani. Alinawa muda mrefu mno.

Daktari alituachia maagizo. Tung'oe kupe kwa kibanio, tusiwapasue kwa kucha kama wafugaji wanavyofanya. Kibanda kibaki mbao tupu, kioshwe, kianikwe, dawa ipite kwenye nyufa ambako kupe hutaga. Matone ya dawa shingoni kila mwezi, hata akionekana mzima. Na masikio yakaguliwe kila siku. Yote nikayafanya mimi. Baba alikaa ng'ambo ya ua kwenye kiti chake, mikono kaifungia kwapani, na kila nilipomwita aje amshike mbwa nimpe dawa, alitikisa kichwa.

"Mikono yangu hapana," alisema.

Nilikasirika. Nilimwambia kosa halikuwa mikono, ni nyasi, na hata nyasi si kosa, ni mapenzi. Akasema kufa kwa ng'ombe hakupungui kwa sababu aliyemuua alimpenda. Nikarudi kwa mbwa, nikamshika peke yangu.

Mbwa alivuka. Amekonda, anachoka upesi, lakini anakula. Kibandani hataki kulala. Anazunguka juu ya mbao tupu, ananusa kila kona, kisha anatoka na kwenda kujilaza sarujini mbele ya mlango wa baba. Mlango umefungwa. Baba siku hizi anachelewa kutoka.

Leo asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilipiga magoti hapo mlangoni nikakagua masikio. Sauti ikatoka ndani.

"Bado iko hapo?"

"Yupo, baba. Anakungoja."

"Masikio umeangalia?"

"Nimeangalia. Hakuna kitu. Toka umwone."

Mbwa akainua kichwa, mkia ukagonga saruji.

"Angalia tena," akasema baba.

Nikaangalia tena.