Fomu ya Nishani ya Bi Berna

Bi Berna Facey hakuwahi kuomba nishani. Alichoomba, kwa miaka thelathini na mmoja, ni daraja.

Daraja la kijiji chake, Cedar Gap, lilichukuliwa na kimbunga yeye akiwa na miaka thelathini, na tangu hapo wakubwa wa serikali wamekuja kupima mara nne. Wanakuja na kamba zao, wanapigilia vigingi vyekundu, wanakula shelisheli la kuchoma na samaki wa chumvi kwenye nyumba za watu, wanaondoka. Vigingi vikioza, wanakuja wengine. Jamaika nzima ina madaraja, ila la hapa ndilo linalopimwa. Shule iko ng'ambo, na watoto lazima wasome. Basi Bi Berna, mwanamke wa mabega mapana aliyezoea kushusha viazi vikuu kutoka mlimani, alifunga kamba toka mti hadi mti, akakunja gauni kiunoni, akaanza kuwavusha. Mmoja mgongoni, mmoja mkononi, asubuhi na alasiri. Mvua ikipiga huko juu na mto ukaanza kunguruma, hulipuliza kome lake, gamba kubwa la baharini lilialo kama baragumu, na kijiji kizima hujua kuwa leo hapavukwi. Sasa magoti yamemvimba na ngazi za kanisa anazipanda kwa kujishika ukutani. Ukimuuliza kwa nini anajitesa, atakujibu kwa ukali, "Wewe ungewaacha?"

Aliyeleta habari za nishani ya taifa ni Mwalimu Whylie, mgeni aliyehamia pale kijijini miaka tisa tu iliyopita, mtu mwema asiyejua kukaa kimya. Miezi minne alizunguka nyumba kwa nyumba akikusanya ushahidi wa utumishi wa Bi Berna kwa jamii. Fomu ilitaka muhuri wa Mzee Lobban mwenye duka, ambaye serikali imemwamini kushuhudia karatasi za watu, naye alisema hapigi muhuri mpaka maombi yasomwe hadharani. Kwa hiyo Jumamosi moja alasiri watu walikusanyika katika ukumbi wa kanisa. Bi Berna alikaa mbele na kofia yake ya mazishini, akijiona kama mbuzi anayenadiwa.

Mwalimu alisoma vizuri. Kamba ilitajwa, kome likatajwa, wakatajwa na watoto waliovushwa hadi wakawa walimu na wauguzi. Halafu akainua sauti.

"Na katika miaka yote hiyo, mto haukumpokonya Bi Berna mtoto hata mmoja."

Watu walipiga makofi. Huko nyuma kiti kilikwaruza sakafu, na Bi Zelma Pinnock, fundi cherehani, akainuka, akaubana mkoba wake kifuani, akatoka nje bila haraka. Bi Berna aliuona mgongo wake ukipita mlangoni. Makofi yalikuwa bado yanalia.

Watu wa Cedar Gap hawamtaji aliyechukuliwa na mto. Wanasema Bibi wa Mtoni, yule anayechana nywele zake juu ya jiwe, akisikia jina hurudi kuchukua mwingine wa nyumba ileile. Ndiyo maana mtoto wa Zelma, ambaye maji yalimchomoa mkononi mwa Bi Berna asubuhi moja ya Oktoba, miaka ishirini na miwili iliyopita, hakutajwa tena, si kanisani wala nyumbani. Mwalimu aliuliza kila mlango na hakuna aliyefungua kinywa. Funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu aliyepita hapo ni serikali.

Bi Berna alisimama. "Mwalimu, nani kakwambia hivyo?"

"Watu wote, Bi Berna. Nimeuliza nyumba kwa nyumba."

"Wakakwambia hajafa mtoto?"

Mwalimu alitazama karatasi zake. "Hakuna aliyeniambia kuwa amekufa."

"Berna, keti," alisema Mzee Lobban. "Leo siku yako. Usituharibie."

"Siku yangu ilikuwa Oktoba ile, Lobban, na wewe ulisimama ukingoni na mwavuli wako."

Mtu mmoja alicheka, akajikatiza. Hasira ilikuwa imempanda Bi Berna, na nusu yake alijikasirikia mwenyewe. Miaka yote hiyo alikuwa akipita kwa Zelma, akimpelekea viazi, wakiongea habari za mvua na bei ya vitambaa. Jina lile hakulitamka hata mara moja.

"Shernette," alisema.

"Bi Berna, jamani," mwanamke mmoja alinong'ona. "Mto unasikia."

"Usikie. Na wale wa kupima nao wasikie, maana wao hawajawahi kutajiwa maiti. Andika, Mwalimu. Shernette Pinnock alinichomoka mkononi kwa sababu daraja halikuwepo. Andika hivyohivyo."

"Karatasi ya namna hiyo mimi siigongi muhuri," alisema Mzee Lobban. "Unaomba nishani au unaishtaki serikali? Watu wa mjini wakiona hayo, nishani huipati."

"Basi nisiipate. Mnivike kilemba cha ukoka, halafu Jumatatu nirudi majini na magoti haya? Kaa na muhuri wako. Tutaifanya barua ya kudai daraja, na itakwenda bila wewe."

Mzee Lobban aliurudisha muhuri katika kikopo chake na kubana kifuniko. Hakuna aliyemzuia. Mwalimu Whylie, uso umemshuka kwa aibu, aliukata ule mstari wake mzuri, akaanza kuandika.

"Alikuwa na miaka mingapi?" aliuliza taratibu.

"Saba," alisema Bi Berna.

"Saba na nusu."

Bi Zelma alikuwa amesimama mlangoni. Kumbe hakwenda mbali, alikuwa amekaa kwenye ngazi muda wote huo. Aliingia akapita katikati ya viti mpaka mbele, akaweka kidole chake juu ya karatasi.

"Usiniibie hiyo nusu, Mwalimu, iandike. Na wewe Berna, hebu mtaje tena mwanangu. Miaka ishirini na miwili sijalisikia jina lake kinywani mwa mtu."