Redio Iliyokunywa Maji ya Udhu

Redio ya nyanya ilienda na mafuriko. Mto Tana ulipopanda tulibeba watoto, mbuzi na magodoro hadi kwenye mwinuko kando ya barabara, na redio yake ya mkanda wa ngozi ikabaki juu ya kabati. Kabati tulilipata baadaye, limelala kifudifudi kwenye shamba la watu. Redio hatukuiona tena.

Hakulalamika. Ila macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, haoni zaidi ya kivuli cha mtu, na jioni ndiyo ilikuwa saa yake na redio. Sasa ikifika jioni anakaa mlangoni, mkono pajani, kidole gumba kinazungusha kitu ambacho hakipo. Kidole kile kilinichoma moyo.

Nikamwambia nitamtafutia redio nyingine.

"Sitaki," akasema. "Betri zinakula kuliko mbuzi. Nunua sukari."

Simu yangu nayo ni ya kuchajiwa kwa safari ya Garsen. Na ni katika simu hiyo nilimoona, siku moja, picha ya redio ya kujiundia nyumbani, isiyo na betri wala umeme. Inaishi kwa mawimbi yenyewe yanayopita hewani. Nilisoma maneno hayo mpaka simu ikazima. Mimi shule niliiachia kidato cha pili, na katika fizikia ninachokumbuka vizuri ni viatu vya mwalimu. Lakini kwamba sauti za watu zinapita juu ya boma letu mchana na usiku, juu ya ng'ombe, na hatuzisikii! Niliwaambia watu wote nyumbani kwamba nyanya atasikiliza redio tena.

Mzigo nilioagiza ulikuja na basi. Mfuko mdogo kama wa majani ya chai: waya mwembamba wa shaba, kipande cha bomba, kidude cha kioo kama punje ya mchele, na kisikizi kimoja cha kutia sikioni. Kuzungusha waya kwenye bomba tulifanya na nyanya. Vidole vyake vimesuka vyombo vya maziwa vya nyuzi maisha yake yote.

"Hapa umeruka," akasema, akipitisha ukucha. "Rudi."

Nikarudi. Sehemu za kuunganisha nilichomelea kwa risasi ya kuyeyusha na msumari mnene nilioupasha moto jikoni.

Kilichobaki ni waya mrefu wa kushika mawimbi, kutoka paani hadi juu ya mti wa mkoma. Huo alikuwa nao kaka yangu, ameununua wa kuziba zizi la wanambuzi.

"Redio haina betri?" akacheka. "Hiyo ni ng'ombe wa picha. Haya, mkamue! Nakuazima waya mpaka Ijumaa. Fisi hasikilizi redio."

Nikautundika. Kwenye karatasi ya maelekezo kulikuwa na waya mmoja zaidi, unaoshuka ardhini. Niligongomea chuma ardhini kando ya ukuta, karibu na mlango, nikaufunga hapo. Nikatia kisikizi sikioni. Kimya. Kimya cha kusikia damu yako mwenyewe. Jumatatu kimya, Jumanne kimya. Nikafungua kila kitu, nikafunga tena. Kaka akipita anauliza, "Maziwa yametoka?"

Alhamisi jioni nilikaa pale chini nikijua kesho waya unashuka. Sikutaka hata kumtazama nyanya. Udongo wetu mweusi ulikuwa umekauka na kupasuka nyufa za kuingia mkono.

Nyanya akatoka na birika lake kutia udhu wa magharibi. Jiwe lake liko upande wa pili wa mlango, lakini kwa sababu ya vitu vyangu vilivyotapakaa njiani, akakosea, akaketi huku karibu na chuma. Akaosha mikono. Maji yakatiririka kwenye nyufa mpaka kwenye chuma.

Sikioni kitu kikavuma.

Akaosha uso. Kikavuma zaidi, kama nyuki ndani ya mzinga. Alipofika miguuni, ndani ya ule mvumo akatokea mtu. Mtu! Anazungumza Kiswahili, kwa mbali, kama aliyesimama ng'ambo ya mto.

"Nyanya, mwaga tena! Mwaga!"

"Niache, wewe. Naosha miguu, sioshi mboga."

"Nyanya, redio inakunywa!"

"Basi na isubiri. Naswali."

Akaingia ndani. Hajawahi kuswali kwa haraka na hakuanza siku hiyo. Mimi nimeshika kisikizi kwa mikono miwili, nasikiliza yule mtu, naomba udongo usimeze maji yote. Giza likawa linaingia, na badala ya kufifia, sauti ikazidi kukaribia. Waya, udongo, maji ya udhu. Hakuna kingine.

Nyanya alipotoka nikamtia kisikizi sikioni. Mtangazaji lazima alikuwa anaanza kipindi, kwa sababu nyanya aliinua uso akajibu kwa adabu, "Waalaikumu salaam." Halafu akamwambia, kana kwamba yupo mbele yake, "Umekawia wapi, baba?"

Kidole gumba kikatulia.

Asubuhi ya Ijumaa kaka alikuja na koleo ya kukatia waya. Nyanya akamkalisha, akamwambia angoje mpaka magharibi. Mchana ile redio huwa bubu; mawimbi ya mbali hufika giza likiingia. Jioni akamtuma maji, akatia udhu palepale, akampa kisikizi. Kaka akasikiliza, akaangalia juu ya mkoma, akaangalia chuma, akanirudishia kisikizi polepole kama yai.

Zizi alilizungushia miiba. Jiwe la udhu tumelihamishia upande wa chuma. Na kila jioni, kabla nyanya hajaswali, kaka huita kutoka zizini:

"Huyo ng'ombe wa picha mmeshamnywesha?"